Kuuliza si kukataa: barua ya wazi kwa bodi ya hospitali niliyojifungulia

Mtongwe, Mombasa
Mei 2025

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi,
Daktari Msimamizi,
na Afisa Mkuu wa Wauguzi.

Waheshimiwa,

KUH: NENO "AMEKATAA" LILILOANDIKWA KATIKA FAILI LANGU

Nawasalimu kwa heshima. Naandika hadharani baada ya barua tatu za faragha kukosa jibu. Ya kwanza niliileta mwenyewe mwezi wa Septemba 2024, mshono bado wanivuta nikipanda ngazi zenu. Karani aliipokea akaiweka juu ya kabati bila kuigonga muhuri. Ya pili ilikuwa Novemba, na safari hiyo sikuondoka dirishani mpaka nakala yangu ikagongwa. Ya tatu ilikuwa Februari mwaka huu. Jibu pekee nililopata lilikuwa la mdomo, koridoni, kutoka kwa mkubwa mmoja ambaye hata hakusimama: "Mama, mshukuru Mungu, mtoto yu hai." Namshukuru Mungu kila alfajiri. Lakini barua zangu hazikuuliza kama mtoto yu hai.

Silitaji jina la hospitali wala la mfanyakazi yeyote. Nyinyi mnajijua, maana jina langu kamili na nambari ya faili viko kwenye barua hizo tatu. Tena katika wodi hiyohiyo yumo nesi aliyeniokoa, na sitaki mahali anapofanya kazi paburutwe mitaani kwa makosa yasiyo yake.

Kabla ya malalamiko yenyewe, nivumilieni kidogo niwaeleze nilikotoka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi upande wa Likoni. Mimba hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa 2020. Nilipofika wiki ya 31 nilianguka kifafa usiku, nyumbani, baada ya siku mbili za kuumwa kichwa ambacho sote tulidhani ni uchovu. Mume wangu na majirani walinipakia kwenye tuktuk mpaka kivukoni. Feri ilikuwa upande wa pili. Tulipovuka na kufika hospitali, moyo wa mtoto ulikuwa umenyamaza. Nilizinduka siku ya pili sina tumbo na sina mtoto.

Daktari aliyeniruhusu kwenda nyumbani mwaka ule, katika hospitali nyingine, alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu akanieleza mambo manne, kisha akayaandika kwenye karatasi. Kwamba ugonjwa huu unaitwa kifafa cha mimba na hutanguliwa na presha. Kwamba waweza kurudi. Kwamba nikishika mimba nyingine nianze aspirini ya kiwango kidogo mapema. Na kwamba nikiumwa kichwa kisichosikia dawa, nikaona vimulimuli, nikavimba uso au nikaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, nisingoje kupambazuke, nije na niseme wazi. Karatasi ile niliitia plastiki nikaiweka pamoja na cheti changu cha ndoa. Nimeyasema haya kwa kirefu mjue maswali yangu yalitoka wapi. Niliambiwa mara mbili katika hospitali yenu kwamba ninasoma sana kwenye simu. Sikuyatoa kwenye simu. Niliyanunua kwa mtoto wangu wa kwanza.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Aspirini niliyonyimwa

Nilianza kliniki kwenu wiki ya 11, karatasi yangu mkononi. Sista aliyenipokea aliisoma nusu akanirudishia. "Aspirini si dawa ya mja mzito, itakutoa damu." Nilimwambia ni kidonge kidogo, miligramu 75, na kwamba natakiwa nianze kabla ya wiki ya 20. Akasema, "Basi nenda kwa huyo daktari wako." Katika kijitabu cha mama na mtoto, mahali pa kuandika historia ya mimba zilizotangulia, aliandika kwamba mtoto alifariki. Kifafa hakukiandika. Kwa hiyo kila aliyefungua kijitabu kile baada yake alisoma msiba, hakusoma onyo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hii kwa kina mama walio katika hatari kubwa ya presha ya mimba tangu 2011. Mimi niliipata wiki ya 19, kwa daktari mwingine wa hapohapo kwenu, ambaye hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza tu mbona nimechelewa.

2. Jumatatu niliyorudishwa nyumbani

Wiki ya 33, mwezi wa Julai. Presha ilikuwa 148 kwa 96. Vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimeisha, kwa hiyo haikujulikana kama nina protini. Niliketi kwenye benchi, nikapimwa tena: 146 kwa 94. "Ni joto na foleni ya feri, mama. Nenda ukalale." Mpaka wa hatari ni 140 kwa 90, na umebandikwa ukutani palepale kliniki, juu ya kichwa cha aliyekuwa akinipima.

3. Usiku wa adhana mbili

Jumatano jioni nilirudi. Kichwa kilikuwa kimenishika tangu jana yake, na vimulimuli vilikuwa vimeanza. Saa kumi na moja jioni presha ilikuwa 164 kwa 112. Hapa niseme haki: nililazwa upesi, nikapewa kidonge cha kuteremsha presha, na daktari wa jioni akanieleza kwa upole kwamba nitachomwa sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa. Kengele ya wageni ilipolia, mume wangu alivuka kurudi Mtongwe kuniletea nguo za mtoto. Daktari naye alimaliza zamu. Sindano haikuja.

Kitanda changu kilikuwa cha tatu kutoka dirishani. Nilisikia adhana ya Isha na nikasikia adhana ya Alfajiri, na kati yake sikulala, kwa kuwa kichwa hakikuniruhusu. Kama saa tano hivi nilimwita nesi, nikamwambia macho yananicheza. "Nakuja." Saa nane ya usiku ilipopita nilimwita tena. "Si wewe peke yako humu, mama." Ni kweli, sikuwa peke yangu. Nilihesabu vitanda 28, vingine vimelaliwa na kina mama wawili wawili, na manesi waliokuwa zamu walikuwa wawili. Mama mmoja alijifungua kabla hajafikishwa leba. Niliwaona wakikimbia usiku kucha, na kwa kukimbia kwao siwalaumu.

Ninachowalaumu ni hiki. Asubuhi yake wifi yangu alipewa faili langu alipeleke dirisha la malipo, na akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Jadwali la presha linaonyesha nilipimwa saa nne usiku, 140 kwa 90. Saa nane, 140 kwa 90. Saa kumi, 140 kwa 90. Waheshimiwa, tangu Isha hadi Alfajiri mkanda wa presha haukufungwa mkononi mwangu hata mara moja. Niko tayari kuapa popote. Na hata asiyeniamini mimi aitazame picha: presha iliyokuwa 164 jioni, ikakaa mahali pamoja usiku kucha kama saa iliyokatika majira, kisha saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri ikaonekana 172 kwa 118.

Nesi aliyezidiwa na kazi akaacha mstari mtupu kwenye jadwali amesema kweli. Amesema: sikuweza kufika. Mstari mtupu ungemshtua daktari. Zile namba zilimtuliza.

4. Neno lenyewe

Ndiyo sababu ya barua hii, na nawaomba mlisome taratibu.

Daktari wa zamu alikuja baada ya adhana. Alinipima mwenyewe, akaona 172 kwa 118, na nilimwona akishtuka. Akasema tunakwenda thieta sasa hivi, nitie sahihi fomu. Nilimuuliza mambo matatu. Ile sindano ya kuzuia kifafa mbona sijachomwa? Mtoto ana wiki 33, amepata sindano ya kukomaza mapafu? Na je, naweza kumpigia simu mume wangu, yuko njiani anavuka?

Sikusema sitaki. Sikusema ngojeni.

"Wewe ni daktari?" akaniuliza.

"La, mimi ni mwalimu."

"Basi niache nifanye kazi yangu. Watia sahihi au hutii?"

"Natia. Nijibu kwanza hilo la sindano."

Akaichukua fomu, akaandika mstari mmoja, akaondoka. Mstari ule ninao kwenye picha. Unasema mgonjwa ameelezwa hatari zote na amekataa upasuaji.

Maswali yangu mawili ya kwanza hayakuwa ya ubishi, na wataalamu mlio kwenye Bodi mnalijua hilo kuliko mimi. Magnesiamu si dawa ya majaribio. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa kwa zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Dawa ya mapafu nayo imependekezwa kwa mimba ambazo hazijafika wiki ya 34 mtoto anapotazamiwa kuzaliwa mapema. Laiti ningejibiwa, "Sindano ilisahauliwa, nakuchoma sasa hivi, ya mapafu tumechelewa, lakini tutampokea mtoto na daktari wa watoto," ningetia sahihi kabla hajamaliza sentensi. Ni nusu dakika.

Badala yake niliachwa. Ilipofika saa moja zamu ikabadilishwa, na kwenye kupokezana nikasikia kwa masikio yangu: "Huyo wa dirishani amekataa." Kuanzia hapo hakuna aliyenikaribia. Neno lilikwisha kuwa jina langu. Kina mama wa vitanda vya jirani walianza kunisihi nikubali, nami nikawa naeleza, ulimi mzito, kichwa chapasuka, kwamba sijakataa, nimeuliza. Mama wa kitanda cha pili, ambaye sitamsahau, ndiye aliyetoka akaenda kumvuta nesi kwa mkono. Kwa mujibu wa faili, nilianguka kifafa saa tatu na dakika ishirini. Tangu 172 kwa 118 mpaka hapo ni saa tatu na dakika arobaini.

Nesi aliyevutwa kwa mkono ndiye niliyemtaja mwanzo. Aliyanyoosha mambo kwa dakika chache: magnesiamu gramu nne mshipani polepole, na tano kila upande wa makalio. Kabla ya saa tano na nusu binti yangu alikuwa amezaliwa, kilo 1.6. Nilipozinduka sikuwa naona. Siku mbili nilikaa gizani, na katika siku hizo mbili nilifundishwa uuguzi ni nini. Kila baada ya saa nne, kabla ya sindano nyingine, nesi yule alinigonga goti kuona kama mguu unaruka, akahesabu pumzi zangu, akatazama mfuko wa mkojo, na kila analolifanya alinitajia kabla hajalifanya, kwa kuwa anajua sioni. "Sasa nakugusa goti, mwanangu. Sasa nahesabu pumzi, usiseme kitu." Nilimuuliza maswali, pengine ishirini. Aliyajibu yote huku mikono yake ikifanya kazi. Naye alikuwa na wagonjwa walewale, wodi ileile, uhaba uleule.

Darasani huwafundisha watoto wa Gredi ya 4 tofauti ya sentensi ya kuuliza na sentensi ya kukanusha. Huwaambia pia kuuliza si ujinga. Nimelia mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya ubao nafundisha somo hilo mwaka huu, hata ikabidi nimwombe mwenzangu anishikie kipindi.

Nanyi fikirieni, kama ningekufa asubuhi ile. Kila kifo cha mama hukaliwa na kamati inayosoma faili ili ijue kosa lilikuwa wapi. Wataalamu wa uzazi husema mama hupotea kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Mwaka 2020 mimi na mtoto wangu tulichelewa kufika. Tulikwama ng'ambo ya maji. Mwaka 2024 nilikuwa nimefika, nimelala kitandani kwenu, nimeamua. Kilichochelewa ni huduma. Lakini karatasi inasema nilichelewa kuamua. Kamati ingesoma presha nzuri usiku kucha na mgonjwa mbishi alfajiri, ingeandika pendekezo kwamba kina mama wa Likoni waelimishwe, na mambo yangeendelea vilevile. Mume wangu angeambiwa nilijiua kwa ubishi. Binti yangu angekua akijua kwamba mamake alikataa wasiokolewe.

Ndiyo maana sitanyamaza kwa kuwa yu hai.

5. Mume wangu getini

Alifika saa moja na nusu asubuhi. Askari alimwambia saa za wageni ni saa sita. Akaketi kwenye ukuta nje, mfuko wa nguo za mtoto mapajani, mpaka nilipoanguka kifafa ndipo akaitwa mbio atie sahihi kwa niaba yangu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza tupu, na mume wangu ni fundi wa boti. Alitia sahihi kitu asichokisoma. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama anayejifungua awe na mtu wake wa karibu aliyemchagua. Na Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa. Hii ni Mombasa. Hakuna mtu katika jengo lile asiyejua Kiswahili.

6. Faili

Nimeomba nakala ya faili langu kwa barua zote tatu. Mara ya kwanza niliambiwa faili ni mali ya hospitali. Mara ya pili kwamba liko kwa daktari. Mara ya tatu kwamba linatafutwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata taarifa ninazozihitaji kulinda haki yangu, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 imeweka siku 21 za kujibu ombi. Ombi langu la kwanza lina miezi minane.

Najua mtakayoyasema, kwa kuwa mengine nimekwisha kuambiwa.

Mtasema wafanyakazi ni wachache. Nimelikubali, na niko tayari kusimama nanyi popote mtakapokwenda kudai manesi zaidi. Wazazi wa Mtongwe na Likoni wako tayari vilevile. Lakini uchache wa watu waeleza kwa nini sikupimwa. Hauelezi namba za saa nne, saa nane na saa kumi zilitoka wapi. Hauelezi neno "amekataa". Kuandika uongo kunataka muda uleule wa kuandika kweli.

Mtasema ulikuwa mwaka wa mgomo wa madaktari. Mgomo wa 2024 ulikwisha tarehe 8 Mei. Mimi nililazwa Julai.

Mtasema mgonjwa hawezi kumwelekeza daktari. Sikumwelekeza. Nilimkumbusha agizo la daktari mwenzake, lililokuwa ndani ya faili alilolishika mkononi. Mgonjwa ndiye mtu pekee asiyebadilisha zamu. Yeye ndiye aliyekuwapo jioni daktari alipoahidi sindano, na ndiye aliyekuwapo alfajiri sindano ikiwa haijaja. Mkimnyamazisha yeye, hakuna mwingine wodini anayejua kisa chote.

Mtasema tulikuokoa. Hili ndilo gumu kwangu kulijibu kwa sababu ni kweli. Mliniokoa. Binti yangu alikaa siku 19 katika chumba cha watoto njiti, nikambeba kifuani ngozi kwa ngozi, na waliomtunza nitawaombea dua maisha yangu yote. Lakini wema ulioanza saa tatu na nusu asubuhi hauwezi kufuta uzembe wa usiku kucha uliotangulia. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nchini kwetu kina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na lengo lililowekwa na mataifa ni kushuka chini ya 70 ifikapo 2030. Presha ya mimba ni mojawapo ya wauaji wakubwa, baada ya kutokwa damu. Watakaokufa kwa sindano iliyosahauliwa hawatapata nafasi ya kuandika barua. Naiandika mimi niliyebaki.

Na kama yuko kati yenu anayefikiri haya ni malalamiko ya mtu mmoja mwenye kinyongo, akumbuke hukumu ya Mahakama Kuu ya Bungoma ya mwaka 2018. Mwanamke mmoja aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma na kutukanwa aliambiwa na mahakama kwamba utu wake ulivunjwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Mimi siombi fidia. Sikuiomba katika barua zangu tatu na siiombi leo.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Nakala kamili ya faili langu, pamoja na jadwali la presha la usiku ule, ndani ya siku 21 kutoka leo.

(b) Neno "amekataa" lisahihishwe. Sitaki likwanguliwe wala karatasi ichanwe; sitaki tena uongo juu ya uongo. Iandikwe chini yake, kwa tarehe na sahihi ya Daktari Msimamizi, kwamba mgonjwa aliuliza kuhusu magnesiamu, kuhusu mapafu ya mtoto na kuhusu mumewe, na hakujibiwa. Kama Mungu ataniruzuku mimba nyingine, daktari atakayelifungua faili hilo asinikute nimekwisha kuhukumiwa.

(c) Jadwali za presha za wodi hiyo zikaguliwe na mtu asiyefanya kazi hapo. Kama mama mwingine ana 140 kwa 90 tatu mfululizo usiku, namba hizo ziulizwe. Na nesi aruhusiwe kuandika "sikufika" bila kuadhibiwa, maana nahofia ndiyo sababu ya yote haya.

(d) Dozi ya kwanza ya magnesiamu itolewe pale mama anapopokelewa na presha kali, kabla hajapandishwa wodini na kabla zamu haijabadilika.

(e) Fomu ya idhini iwe ya Kiswahili pia, na iwe na nafasi mbili: maswali ya mgonjwa, na majibu aliyopewa. Kukataa kwa kweli kutiwe sahihi na mgonjwa mwenyewe. Mimi sahihi yangu haimo kwenye ukurasa unaosema nimekataa, na hakuna aliyejali.

(f) Mama mwenye mimba ya hatari aruhusiwe mtu mmoja wa kukaa naye usiku. Hata kama ni kwenye kiti cha plastiki.

(g) Kikao na mimi, mume wangu, daktari yule na manesi wa zamu zote mbili. Si kikao cha kugombana. Nataka daktari yule anisikilize nikiuliza yale maswali matatu tena, anijibu.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika juu ya alivyohudumiwa, na lalamiko lake lichunguzwe. Siku 21 zikipita kimya, nitapeleka barua hii, picha za faili na nakala yenye muhuri wa Novemba kwa Baraza la Madaktari na kwa Baraza la Wauguzi. Ningependa zaidi tumalize wenyewe, hapahapa Mombasa.

Saa za asubuhi huwa darasani. Napatikana kwa simu baada ya saa tisa. Nambari mnayo. Nikiitwa nitavuka siku hiyohiyo, nami nitakuja na binti yangu, kwa kuwa bado ananyonya.

Wenu mwaminifu,

Mama wa mtoto wa kilo 1.6
Mtongwe, Likoni